Somo: Kuandika hadithi ya mwanamke aliyebaki baada ya Maji Maji

Ndugu waandishi, hadithi nyingi za Maji Maji, vita vya watu wa kusini mwa Tanzania ya leo dhidi ya utawala wa Wajerumani, huishia kwenye vitanzi vya Songea, Februari 1906, wakuu wa Wangoni wanaponyongwa na Wajerumani. Leo tuanzie kesho yake, kwa mjane anayerudi kwenye nyumba iliyoungua.

Hatua ya 1: Panga kalenda ya shamba kabla ya kupanga visa. Kusini mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Februari ni wakati wa palizi. Aliyekuwa amejificha msituni wakati wa kupanda hana cha kupalilia, na mavuno yatamkuta mikono mitupu. Atapanda tena Desemba. Miezi hiyo kumi ndiyo riwaya yako.

Hatua ya 2: Ielewe njaa yenyewe. Haikuletwa na ukame. Jeshi la mkoloni lilichoma vijiji, vihenge na mashamba kwa makusudi ili watu wasalimu amri. Waliokufa katika vita hivyo vya 1905 hadi 1907 hukadiriwa kufika 200,000 hata 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa na maradhi. Lakini msomaji halii kwa tarakimu. Mpe kibuyu kimoja cha mbegu za ulezi kilichofukiwa chini ya jiko. Mama anajua kilipo. Mtoto analia njaa. Akizipika leo, Desemba hana cha kupanda. Akizitunza, huenda mtoto asiifikie hiyo Desemba. Kaa hapo kurasa nyingi. Mpeleke porini akachimbe mizizi, mingine yenye sumu inayotaka kukatwakatwa na kuloweshwa siku kadhaa kabla ya kupikwa. Mwonyeshe akihesabu siku hizo huku mtoto anamtazama. Mimi nilipoanza kuandika habari hizi niliwahi kukimbilia mapigano, nikagundua nimemsahau huyu mama kabisa.

Hatua ya 3: Chunga maneno. Shilingi haikuwepo; ilikuja na Waingereza. Fedha ilikuwa rupia na, tangu 1904, heller, ndiyo iliyotuachia neno hela.

Hatua ya 4: Tafuta masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na wanafunzi wa historia wa chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 1968. Soma ukisaka wanawake, hata wanapotajwa kwa sentensi moja tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Naweza kumfanya Mkomanile kuwa mhusika mkuu?
Jibu: Marahaba. Unaweza, ila yeye anakumbukwa kama kiongozi aliyenyongwa, na somo letu ni la waliobaki. Ningemweka machoni pa mwanamke mwingine aliyemfahamu, anayeendelea kuishi bila yeye.

Swali: Wanawake waliotekwa niwaandikeje bila kuwadhalilisha tena?
Jibu: Ni kweli walitekwa, wala usilifiche hilo. Usikae kwenye tendo. Andika siku anaporudi: nani anampokea, nani anageuza uso, anaomba jembe kwa nani. Mpe haki ya kunyamaza pia.

Swali: Wahusika waongee Kiswahili cha zamani?
Jibu: Hapana. Wengi wao nyumbani waliongea Kingoni, Kingindo, Kimatumbi na kadhalika. Andika Kiswahili safi unachokimudu, uondoe tu maneno ya juzi.

Swali: Mwalimu, mjane wangu anaolewa mwishoni na mambo yanatulia. Rafiki yangu anasema ni rahisi mno.
Jibu: Rafiki yako ameona mbali. Jiulize kwanza: amebaki nani wa kumrithi? Tuseme shemeji aliyepona ni mmoja na wajane ni watano, kila mmoja ana watoto, na jembe ni moja. Usimpe shemeji neno lolote katika sura hiyo. Waweke wale watano jioni, moto umepungua, waamue wao nani atangulie kulima.