Kumiliki Bunduki Kongwe ya Jeshi na Kuchunguza Historia Yake

Bunduki ya zamani iliyouzwa na jeshi baada ya kumaliza utumishi wake hubeba historia yake mwilini, katika chapa ndogo zilizogongwa kwenye chuma na mbao. Sehemu kubwa ya historia hiyo hupotea mikononi mwa mmiliki mpya katika majuma ya kwanza, pale anaposhika msasa na dawa za kutoa kutu ili silaha yake ing'ae. Ushauri ninaoutilia mkazo kuliko wowote mwingine ni huu: isome kabla ya kuisafisha, na uikaguze kwa fundi kabla ya kuifyatua.

Jambo la sheria halina njia ya mkato. Bunduki ya mwaka 1916 inayoweza kufyatua risasi, katika nchi nyingi, ni silaha kamili inayodai leseni, na hata iliyozimwa inaweza kuwa na masharti yake. Marekani ina kundi maalumu la silaha zenye umri wa miaka 50 au zaidi pamoja na leseni ya wakusanyaji, lakini utaratibu huo hauvuki mipaka yake. Iulize mamlaka inayotoa leseni kabla ya kulipa chochote, kisha tunza kila hati ya ununuzi, kwa kuwa hati hizo ni kinga yako na pia ni sehemu ya historia ya silaha.

Ukishaipokea, ihesabu kuwa ina risasi mpaka uthibitishe mwenyewe kuwa haina. Elekeza mtutu mahali salama, fungua boliti (kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), angalia chemba (tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa) na kikasha cha risasi kwa tochi, kisha papasa chemba kwa kidole. Grisi nzito iliyopakwa ghalani miongo mingi iliyopita inaweza kuficha risasi au kuziba mtutu wote. Baada ya hapo toa boliti na uiweke kando.

Sasa piga picha za kila upande. Tumia mwanga unaotoka ubavuni, kwa sababu chapa iliyofifia haionekani kwa mwanga wa mbele, ila hujitokeza kivuli kinapoingia katika mistari yake. Nakili kila herufi, namba na alama pamoja na mahali ilipo, hata kama huelewi maana yake. Grisi juu ya chapa iondoe kwa kitambaa laini na mafuta mepesi, wala usitumie brashi ya waya.

Tuchukue Lee-Enfield ya Uingereza, aina ya SMLE (Short Magazine Lee-Enfield), ambayo ni mwalimu mzuri kwa anayeanza. Tazama upande wa kulia wa pete ya chuma inayoshika kitako, chini kidogo ya mahali mkono wa boliti unapolala. Hapo utakuta taji, herufi za mfalme, jina la mtengenezaji, mwaka, na aina ya bunduki. Mtengenezaji anaweza kuwa Enfield, BSA Co, LSA Co, Lithgow ya Australia au Ishapore ya India. Ukiona nyota baada ya namba III, hiyo ni silaha iliyorahisishwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza: kibamba cha kuzuia risasi za kikashani kiliondolewa, na vilengeo vya masafa marefu sana vikaachwa. Herufi FTR pamoja na mwaka zinaonyesha kuwa bunduki ilirudi kiwandani kwa ukarabati mkubwa, na mishale miwili inayoelekezana ncha kwa ncha ina maana kuwa serikali iliitoa rasmi katika mali zake. Herufi DP zichukulie kwa uzito wote: hiyo ilishushwa hadhi ikawa ya mazoezi ya gwaride, na haifai kufyatuliwa.

Chapa inaweza pia kumpotosha asiyejua sababu yake. Bunduki nyingi za No. 4, muundo wa baadaye wa Lee-Enfield, zilizotengenezwa na kampuni ya Savage zimeandikwa US PROPERTY, na wauzaji husema kwa uhakika mkubwa kuwa zilitumiwa na jeshi la Marekani. Sivyo. Zilitengenezwa Marekani kwa ajili ya Uingereza chini ya mpango wa mkopo wa vifaa vya vita wa mwaka 1941, na kisheria zilikuwa bado mali ya Marekani, ndiyo maana zikagongwa maneno hayo. Kila unapoona alama, jiulize ni nani aliyeigonga, lini, na kwa haja gani.

Swali hilo hilo linafaa kwa silaha za mataifa mengine. Mauser 98k za Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili hubeba herufi za siri badala ya jina la kiwanda: byf ni Mauser wa Oberndorf, bnz ni Steyr, dot ni Brno. Nyingi zilitekwa na Wasovieti, zikafunguliwa, zikachanganywa vipuri na kuunganishwa upya, na baadhi yake zina alama ya X ubavuni. Arisaka za Japani zilikuwa na ua la krisanthemamu, nembo ya mfalme, na kwa nyingi limesagwa kwa sababu silaha hizo zilisalimishwa mwaka 1945; ile ambayo ua lake limebaki zima mara nyingi ilichukuliwa vitani. Mosin-Nagant, bunduki ya muundo wa Kirusi, yenye herufi SA ndani ya kisanduku ilikuwa ya jeshi la Finland.

Hizo za Finland zinastahili muda wako. Wafini hawakutengeneza kasha la boliti la Mosin (mwili wa chuma ambamo boliti husogea na mtutu hufungwa), bali walitumia yale ya Kirusi waliyoyateka au kuyanunua, wakayafungia mitutu mipya. Ukifungua skrubu na kuinua chuma kutoka kwenye mbao, unaweza kukuta chini ya mkia wa kasha tarehe ya miaka ya 1890, ilhali mtutu ulio juu yake ni wa miaka ya 1940. Hakuna muuzaji anayeweza kukusomea hilo bila kuifungua. Vivyo hivyo, ukitoa bamba la kitako la K31, bunduki ya jeshi la Uswisi, mara kwa mara hukutana na kikaratasi kilichokunjwa chenye jina la askari aliyekabidhiwa silaha. Kiache hapo hapo baada ya kukipiga picha, maana kikitengana na bunduki yake hakithibitishi tena chochote.

Namba za mfululizo zinahitaji utulivu. Linganisha ile ya kasha na za mtutu, boliti, kitako na kilengeo, kulingana na desturi ya jeshi husika. Namba zinazolingana si lazima ziwe za awali: maghala ya Kisovieti yalikata namba za zamani kwa mstari na kugonga au kuchora mpya ili zifanane na bunduki. Tazama umbo la tarakimu, kina chake, na kama chuma kilichozizunguka kimesuguliwa. Kwa maoni yangu bunduki yenye vipuri vilivyochanganywa na ghala la jeshi ni ya kweli kabisa, kwa sababu ukarabati ule nao ni utumishi, tofauti na ile iliyolinganishwa juzi na muuzaji ili apandishe bei.

Kuhusu hadithi zinazoambatana na silaha, zipokee kwa adabu, uziandike, kisha uzitenganishe na ushahidi. Ni nadra sana kumbukumbu za jeshi kuunganisha namba ya bunduki na askari mmoja. Unachoweza kutumaini ni kiwanda, mwaka, nchi zilizoimiliki, na wakati mwingine kikosi, kupitia kisahani cha shaba kilichokuwa kwenye kitako cha SMLE au mihuri ya kikosi kwenye bamba la kitako. Usizidishe pale ushahidi unapokomea.

Kabla ya kufyatua, mpelekee fundi wa bunduki anayezijua silaha za aina hiyo. Atapima kwa vipimo maalumu nafasi iliyopo kati ya uso wa boliti na tako la risasi iliyokaa chembani, maana nafasi hiyo ikizidi, ganda linaweza kupasuka na gesi ikamrudia mfyatuaji usoni. Zipo pia silaha zisizofaa hata zikionekana nzima. Springfield M1903 za kiwanda cha Springfield zenye namba chini ya 800,000, na za Rock Island chini ya 285,507, makasha yake yalichomwa na mafundi waliokadiria joto la chuma kwa jicho, na mengine yakatoka yakiwa mepesi kuvunjika. Kuzihifadhi ni sawa, lakini kuzifyatua sishauri hata kidogo.

Aina ya risasi isithibitishwe kwa umbo la bunduki. Kuanzia miaka ya 1960 Ishapore ilitengeneza silaha inayofanana na Lee-Enfield ya .303 lakini inayotumia risasi ya milimita 7.62 ya NATO. Bunduki za Ujerumani za muundo wa 1888 nazo zilianza na kichwa cha risasi cha takriban milimita 8.1, na kuanzia 1905 jeshi likahamia kwenye kile cha 8.2; kukilazimisha kikubwa kipite katika mtutu mwembamba ni hatari. Fundi apime chemba na mtutu wenyewe.

Risasi za ziada za jeshi nyingi zina fataki (kiwashio kilicho kwenye tako la risasi) yenye klorati ya potasiamu. Ikiungua huacha mtutuni kloridi ya potasiamu, chumvi inayovuta unyevu wa hewa kama chumvi ya jikoni, na kutu inaweza kuanza ndani ya saa chache. Mafuta hayayeyushi chumvi hiyo, huifunika tu. Mimina maji ya moto kupitia chemba, sugua kwa brashi, safisha pia uso wa boliti, kausha kabisa, ndipo upake mafuta, na ukague tena baada ya siku mbili tatu.

Mbao usizipige msasa, kwa kuwa mihuri ya wakaguzi iko kwenye tabaka hilo la juu kabisa, wala usichovye chuma upya kukitia weusi. Mafuta ya kitani kidogo, yakipakwa kwa kiganja na kufutwa, yanatosha kwa vitako vilivyopakwa mafuta hayo tangu mwanzo. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vitandaze nje vikauke, kwani vikirundikwa hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto. Mwishowe hifadhi bunduki katika kabati la chuma lenye kufuli, boliti na risasi zikiwa zimefungiwa mahali pengine. Usiiweke kwa muda mrefu ndani ya mfuko wa ngozi au wa sponji, kwa sababu hushika unyevu na kula chuma upande uleule usiouona.