Gusa plagi baada ya kupiga pasi

Nimefundishwa na fundi umeme hapa Sinza. Ukimaliza kupiga pasi au kuchemsha maji kwa jagi la umeme, zima swichi ya ukutani kisha gusa plastiki ya plagi kwa mgongo wa kidole. Uvuguvugu si neno. Ikiwa moto kiasi cha kuondoa kidole, kuna mguso uliolegea: umeme ukibanwa hapo huzaa joto, na joto huzidi kulegeza. Fyuzi ya ampia 13 haikusaidii, maana umeme haujazidi kiwango. Kaza skrubu za ndani ya plagi (ukiwa umeichomoa!), ikirudia, mwite fundi abadilishe soketi. Kwa chaja ya simu kipimo hiki ni bure, umeme wake mdogo mno. Wala hakikuonyeshi kama waya wa ethi (wa usalama, unaopeleka umeme uliovuja ardhini) umeungwa.