Somo: Kupanga kijitabu cha mashairi kwa herufi za Baskerville

Assalaam alaykum jamaa zangu. Mwaka huu nimepanga kijitabu cha mashairi ya bibi yangu. Mara ya kwanza nlipeleka kazi duka moja la mjini, sitolitaja, wakachapa kwa herufi nene kavu zisizo na vijiguu, mistari imebanana, bibi akakishika, akakifunua mara moja tu, akakiweka. Hakusema kitu. Roho iliniuma kweli. Nkaanza upya na Baskerville na sasa nataka na nyie muijue.

Aliyezitoa hizi herufi ni John Baskerville wa Birmingham, Uingereza, miaka ya 1750. Kabla ya uchapaji alikuwa akifundisha watu khati na kuchonga maandishi kwenye mawe, na mkono huo unauona: mstari unaoshuka mnene, unaopanda mwembamba, vile kalamu inavokandamizwa ikishuka na kuachiwa ikipanda. Kitabu chake cha mwanzo, 1757, ni mashairi ya Virgil, mshairi wa Kirumi wa zamani, kwa hivo herufi hizi zimeanza na mashairi tangu hapo. Wino alitafuta mweusi zaidi, karatasi laini, na zikishachapwa akizikandamiza baina ya sahani za shaba za moto. Herufi hii na karatasi ni chanda na pete, shikeni hilo.

Hatua ya 1. Chukua Libre Baskerville, ni bure, iko Google Fonts, mtandao wa Google wa kupakulia fonti. Imetokana na Baskerville ya American Type Founders, kampuni ya herufi ya Marekani, ya 1941 lakini matumbo ya herufi ndogo yamekuzwa na mistari myembamba imenenepeshwa kidogo. Ile Baskerville Old Face inayokuja na Microsoft Word usiipangie kitabu, ni ya vichwa vikubwa, na ukiibonyezea italiki, yaani herufi za kulala, kompyuta inailaza kwa nguvu tu, haina italiki yake. Kuijua Baskerville tazama g ndogo, duara lake la chini halijafungwa, lina mwanya.

Hatua ya 2. Ukurasa A5, pembeni sentimita 2 kila upande.

Hatua ya 3, na hapa msiende mbio. Libre Baskerville ni pana. Mshororo wa shairi una mizani 16, na maneno yetu ni marefu, kwa hivo saizi 10.5 au 11 mshororo unakaa mzima, ukipandisha 13 unavunjika na kipande kinaangukia chini, hapo vina vya kati na vya mwisho vyote vinapotea machoni na aliyetunga umemvunjia heshima. Utenzi wa mizani 8 hauna shida hiyo. Nafasi baina ya mistari weka 1.4, na baina ya beti acha mstari mzima mtupu. Anzia kushoto, usiweke katikati, msomaji anataka jicho lirudi pale pale.

Hatua ya 4. Ile alama ya ng' iwe iliyopinda, sio iliyosimama wima kama msumari. Ng'ambo, ng'ombe, king'ora, pitia moja moja.

Hatua ya 5. Vichwa usivikoleze. Andika kwa herufi kubwa za saizi ile ile na uzitanue kidogo. Kibwagizo kipe italiki, italiki ya Baskerville ni nzuri mno, ndipo unapouona mkono wa mwalimu wa khati.

Hatua ya 6. Karatasi ya rangi ya maziwa, gramu 90 au 100, maana ile nyeupe ya fotokopi inaonesha maandishi ya upande wa pili.

MASUALI

Suali kutoka Wete: Mimi nachapisha moja halafu natoa fotokopi, mistari myembamba inakatikakatika, nifanyeje?

Jibu: Usitoe fotokopi ndugu yangu, chapisha kila nakala kutoka kwenye faili lenyewe. Kama huna budi basi toa kutoka ile ya asili, sio kopi ya kopi, na saizi isishuke 11.

Suali kutoka Chake Chake: Kaka, tuna dua za Kiarabu ndani ya kijitabu, Baskerville inaandika Kiarabu?

Jibu: Haina. Tumia Amiri, nayo ni bure, imefuata khati ya naskhi ya matbaa ya Bulaq, Cairo. Ipandishe pointi 3 au 4 juu ya Kiswahili maana Kiarabu kikiwa saizi moja kinaonekana kidogo, na nafasi ya mistari iongeze hapo.

Suali kutoka Mwanakwerekwe: Mume wangu anasema mistari myembamba inachosha macho ya wazee.

Jibu: Dada, maneno hayo yalisemwa tangu Baskerville mwenyewe yuhai. Mtu mmoja alimwambia Benjamin Franklin, mchapaji wa Marekani, kwamba herufi za Baskerville zitapofua watu, Franklin akampa karatasi ya herufi za Caslon, mtengeneza herufi mwengine wa Uingereza, jina kalichana, akamwambia hizi ndizo za Baskerville, yule bwana akaanza kuonesha makosa moja moja kwenye herufi za Caslon alizokuwa akizisoma siku zote. Chapisha kurasa mbili, ya Baskerville na ya fonti mnayotumia, usiandike majina, mpe mzee asome jioni kwa taa ya nyumbani. Bibi yangu ana miwani minene na alisoma kijitabu chake chote baada ya laasiri, kwa sauti.