Usipeleke Maji ya Kisima Maabara kwa Chupa ya Soda

Mkulima mmoja wa upande wa Kikatiti, Arumeru, alinionesha karatasi ya maabara aliyokuwa ameitunza vizuri kwenye bahasha. Kwa karatasi ile, maji ya kisima chake kirefu yalifaa kumwagilia. Akanunua pampu, tangi na mipira ya matone. Msimu wa pili udongo ukafunga. Ukimwagilia asubuhi, saa nane mchana maji bado yamesimama juu ya tuta. Yakikauka, udongo unabanduka magamba magumu yenye unga mweupe pembeni, na miche ya kitunguu imenasa chini yake.

Nikamuuliza, baba, hii sampuli uliichotaje? Akasema siku ile ile wachimbaji walipomaliza, maji ya mwanzo, kwenye chupa ya soda, ikakaa nyuma ya kiti cha gari siku nne.

Maabara ilipima vizuri kilicholetwa. Kilicholetwa ndicho hakikuwa maji ya kisima. Maji ya siku ya kuchimba yana tope na povu la mashine. Mabaki ya soda yana asidi, na asidi inakula bikaboneti, chumvi inayochangia kufunga udongo, na ndicho kitu chenyewe tunachokitafuta. Joto la gari nalo linafukuza hewa iliyomo majini, chokaa inaganda kwenye kuta za chupa, na kipimo cha kalsiamu kinashuka. Chupa ya dawa ya kufulia ni mbaya zaidi, inaongeza sodiamu. Bado kila wiki naletewa chupa za namna hii, na mwenye nayo ananiambia, "Bwana shamba, onja mwenyewe, ni matamu." Ulimi hauonji floraidi (madini yanayoharibu meno yakizidi) wala bikaboneti.

Basi fuata hivi. Kisima kipya kitumie kwanza kama wiki mbili, na kama kiliwekwa klorini, ivutwe yote itoke. Siku ya sampuli, toa maji yaliyolala ndani ya bomba la kisima mara tatu ya ujazo wake. Bomba la inchi 6 linabeba karibu lita 18 kwa kila mita moja ya maji. Kisima cha mita 100, maji yakianzia mita 40, kina mita 60 za maji, yaani lita 1,080. Mara tatu ni lita 3,240. Pima pampu yako kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu: ikijaa kwa sekunde 36, pampu inatoa lita 2,000 kwa saa. Kwa hiyo iache ifanye kazi saa moja na dakika 40 ndipo uchote. Dakika tano hazitoshi, hata kama maji yanaonekana meupe.

Chota kwenye koki ya kisimani, kabla ya tangi. Tumia chupa mpya ya plastiki ya lita moja. Ya kioo haifai kwa floraidi. Isuuze mara tatu kwa maji yale yale. Nimesema mara tatu. Jaza hadi mdomoni pasibaki hewa, funga, iweke kwenye kasha lenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 24. Sampuli ya vijidudu ni nyingine kabisa: omba chupa iliyotakaswa na maabara, usiisuuze, acha nafasi ya vidole viwili juu, na ifike ndani ya saa 6. Kisima kifupi cha kuchimba kwa mkono kipime mara mbili, mwisho wa kiangazi kabla ya vuli na tena masika yakiisha.

Usiseme tu "nipimieni maji". Taja: EC (kipimo cha chumvi yote iliyomo majini), pH (kipimo cha uchachu), sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, bikaboneti, kaboneti, kloridi na floraidi. Karatasi inayotoa "ugumu" peke yake haikusaidii shambani.

Ukiipata, anza na EC. Chini ya 700 (maikrosimensi kwa sentimita) hakuna shida ya chumvi. Maharage huanza kupunguza mavuno hapo hapo kwenye 700, kitunguu kwenye 800, nyanya huvumilia hadi 1,700. Lakini huku kwetu chini ya Mlima Meru EC inaweza kuwa nzuri na udongo ukafa, kwa sababu miamba ya volkano inatoa sodiamu na bikaboneti nyingi, kalsiamu kidogo. Kwa hiyo piga hesabu ya salio la bikaboneti, yaani inayozidi kalsiamu na magnesiamu. Tumia namba za karatasi za miligramu kwa lita. Gawanya bikaboneti kwa 61, kaboneti kwa 30, jumlisha. Gawanya kalsiamu kwa 20, magnesiamu kwa 12.2, jumlisha, kisha toa kwenye ile ya kwanza. Maji yenye bikaboneti 427, kalsiamu 20, magnesiamu 12.2 na kaboneti sifuri yanakupa 7 kutoa 2, yaani 5. Chini ya 1.25 mwagilia. Zaidi ya 2.5 usinunue mpira hata mmoja kabla hatujazungumza.

Dawa yake ni jasi, madini yenye kalsiamu, ile inayochimbwa Makanya, Same. Kila uniti moja ya salio inataka gramu 86 za jasi safi kwa lita 1,000. Kushusha 5 hadi 2.5, ukimwagilia ekari moja lita 15,000 kila siku kwa siku 90, ni kilo 290. Jasi yenye usafi wa asilimia 70 ni kilo 415. Mwaga shambani uchanganye na udongo. Ukiitia kwenye tangi la matone, chokaa itaziba matundu yote. Maji yakianza kuzama ndani ya saa moja, umefaulu.

Na kama kisima hicho hicho mnakunywa, angalia floraidi. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Kalsiamu inapokuwa haba hakuna cha kuikamata floraidi, hivyo maji yanayofunga udongo mara nyingi ndiyo yanayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia, toka Maji ya Chai hadi Ngarenanyuki. Mama, kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua na floraidi inabaki, imekolea zaidi. Kichujio cha mkaa wa mifupa, kilichofanyiwa utafiti miaka mingi kwenye kituo cha kuondoa floraidi cha Ngurdoto, kinaiondoa, ila mkaa huchoka, kwa hiyo pima na maji yanayotoka kwenye kichujio. Jirani kupata maji salama si kipimo chako, visima viwili vya karibu hutofautiana sana.

Andika kwenye chupa jina la kijiji, kina cha kisima, tarehe na saa uliyochota. Lete Jumatatu hadi Alhamisi, asubuhi. Ya Ijumaa jioni italala hadi Jumatatu, na utalazimika kuchota upya.