Kuhakiki filamu ya kutisha, hapa Goma
Mara ya kwanza itazame usiku, bila kalamu. Kwetu Birere umeme hukatika wenyewe, giza unalipata bure. Kumbuka tu dakika uliyoshtuka.

Kesho yake irudie mchana, sauti umeizima. Ukishtuka tena, msifu mpiga picha. Usiposhtuka, jua ulitishwa na kelele tu. Halafu angalia zimwi linajitokeza lini. Katika Alien ya Ridley Scott (1979) halionekani sana. Zile korido nyembamba ndizo zinazokukaba roho. Zimwi likijianika dakika ya tano, mimi nalikata alama.

Na ukihakiki filamu za mashujaa wanaoruka angani? Waulize kimoja: wakishindwa, wanapoteza nini?

Mwisho wa hadithi usiutoboe. Mdogo wangu alininunia wiki nzima.