Paking ya bei poa ukienda shughuli Posta, Dar

Jamani kama una kongamano au harusi pale JNICC (ule ukumbi wa mikutano wa kimataifa wa Julius Nyerere) au kitu chochote maeneo ya Posta, katikati ya jiji, suala la paking lifikirie kabla hujawasha gari, sio ukifika ndo uanze kuzunguka barabara ya Samora na foleni yote ile.

Kwanza muulize aliyekualika kama ukumbi una paking ya wageni, watu wengi hawaulizi kabisa wanaenda kulipia nje bure.

Ukipaki barabarani ni ushuru wa TARURA (wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini), na hapa nisikilizeni vizuri, yule mhudumu anapiga namba ya gari kwenye mashine inatoka kontro namba, yaani namba ya kulipia, unalipa kwa simu au benki, basi. Usimpe mtu keshi mkononi maana deni linabaki palepale kwenye mfumo, na ukichelewa kulipa kuna faini juu. Ukitaka kujua unadaiwa piga *152*00# ufuate menyu. Halafu ushuru unahesabiwa kwa saa, kadiri unavyokaa ndo unaongezeka, so kwa shughuli ya kutwa uliza kwanza bei ya siku nzima, linganisha na paking binafsi za kwenye majengo.

Ila mi naona bora zaidi uache gari Kimara au Ubungo sehemu yenye mlinzi, kubaliana bei kabisa, upande basi la mwendokasi mpaka Kivukoni, JNICC unatembea tu. Mvua kubwa zikinyesha ulizia kwanza hali ya Jangwani ambako basi linapita, maji yakijaa pale njia inafungwa.