Kabla Hujamwacha Mpenzi Mwenye Maradhi ya Akili: Mambo ya Kuzingatia

Kumwacha mtu anayeumwa akili si dhambi. Mkishindwana, ondoka. Ninachokataa ni kuondoka ovyo, maana huku Mtwara nimeona yanayomkuta anayebaki, na yanayomkuta anayeondoka pia.

Tofautisha kwanza mgonjwa na mkorofi. Si kila mwenye wivu na makelele anaumwa, na anayeumwa hana ruhusa ya kukupiga. Kama anakupiga, achana na mpangilio wote ninaoueleza hapa: toka mchana watu wakiwepo, nenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, na kama umeumia dai PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali.

Angalia hali aliyonayo. Mtu ambaye halali usiku, anaongea bila kituo, anagawa hela hovyo au anasikia sauti, huyo ni wa kupelekwa hospitali kwanza, Ligula kwa wa Mtwara, Sokoine kwa wa Lindi. Halikadhalika aliyejifungia ndani, hali wala haogi. Habari ya kuachana isubiri atulie. Na msimu wa korosho uuogope. Minada ikianza Oktoba hela inaingia kwa mkupuo, na ndugu wa kumwangalia wote wako mashambani.

Usimwambie usiku, usimwambie kwa meseji, usimwambie mkiwa wawili chumbani kwake. Sema maneno machache, na usimwachie "labda baadaye".

Vyeti, kitambulisho cha NIDA na hela ya kikoba vihamishe mapema, kimyakimya. Kama mmeishi pamoja miaka 2 na zaidi na majirani wanawajua kuwa mke na mume, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaweza kuwahesabu hivyo, kwa hiyo ulizia kabla hujagawa vyombo. Mkiwa na watoto, pitia ustawi wa jamii.

Sasa daftari la kliniki. Hili naomba ulisome mpaka mwisho.

Mtoto wa dada yangu alikuwa na kijana wa Newala, fundi pikipiki hapa mjini. Mpole, mchapakazi. Alikuwa na ugonjwa wa hisia mseto (bipolar), ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, alishawahi kulazwa, na dawa zilimkaa vizuri. Lakini dawa hizo zilikuwa kwa binti: mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la nguo, humo vibahasha vya vidonge vilivyoandikwa kwa peni 1x2, pamoja na daftari lenye tarehe za kurudi. Binti ndiye aliyempigia kila jioni, "Umekunywa?" Ndugu zake kule Newala walijua tu kwamba aliwahi kupata malaria iliyompanda kichwani.

Waliachana kwa amani. Kijana mwenyewe alisaidia kupakia kitanda kwenye guta. Sanduku likaenda na mfuko wake ndani, na hakuna aliyekumbuka. Haukupita muda usingizi ukamkimbia. Akawa anafungua injini za wateja usiku kucha, kisha akauza spana zote, kisha akaonekana anatembea pekupeku njia ya Mikindani anahubiri. Ndugu wakaja kumchukua wakampeleka kwa mganga, na siwalaumu, hakuna aliyewaambia kuwa kuna dawa alizokuwa akitumia. Amekaa huko miezi. Binti aliposikia akalibeba daftari mpaka Newala, akampa mjomba mtu. Mzee akalipekua ukurasa kwa ukurasa pale mkekani, akauliza, "Mwanangu, haya yote yalikuwa yakifanyika na sisi tupo?" Kesho yake wakamleta Ligula, na daktari akaanzia kwenye daftari lile lile. Nafuu aliipata. Kijiwe na wateja vilikuwa vimeshapotea.

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, muulize mwenyewe: katika watu wako, nani ajue? Usitangaze kwa ukoo mzima, chagueni mmoja. Kwetu kusini, Wamakonde, Wamakua, Wamwera, ukoo unakwenda kwa mama na mjomba ndiye mwenye neno, basi mara nyingi atakuwa yeye. Mkabidhi daftari, dawa zilizobaki na tarehe ya kliniki. Mweleze dalili inayotangulia, maana kila mgonjwa ana yake: mwingine huacha kulala, mwingine huanza kununua vitu. Mwenyewe akikataa ndugu wasijue, mpe daftari mkononi, halafu mwambie muuguzi wa kliniki kwamba si wewe tena unayemsindikiza. Dawa za akili zikikatwa ghafla mara nyingi ugonjwa hurudi, na unaweza kurudi kwa nguvu.

Huyo mliyemchagua aondoe pia dawa za kupulizia mikorosho zilizo uvunguni, zikafungiwe nyumba nyingine. Usione aibu kulisema hili. Na akikwambia "ukiniacha najiua", mwamini. Mpigie ndugu yake saa ile ile, asiachwe peke yake mpaka afike hospitali. Ila usirudiane naye kwa sababu hiyo. Kurudi kwako hakutibu, kunasogeza siku mbele tu, na wewe unazidi kuchakaa.

Ukishaondoka, hali yake iulize kwa mjomba, usimpigie yeye. Mtaani watasema umemroga au umemtia wazimu. Usizunguke nyumba kwa nyumba ukijieleza. Usipite kijiweni kwake na mtu mpya. Usiweke picha mtandaoni. Nywila zote badilisha, na kama ana ufunguo wako, badilisha kitasa hata kama ameurudisha. Ukiweza, lala kwa ndugu wiki za mwanzo, na jirani mmoja ajue kwa nini.